Mbwa wangu mzee amekaza nyonga na goti limevimba: nimkande kwa moto au kwa barafu?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Uyole, Mbeya. Mbwa wetu Simba ana miaka 9, ni chotara wa German Shepherd, mwili mkubwa. Tangu baridi ya Juni ianze, asubuhi anachelewa kunyanyuka, miguu ya nyuma imekaza, ila akishatembea kidogo anachangamka. Nimekuwa nikimkanda nyonga kwa taulo la maji moto na naona anapata nafuu. Juzi jioni alifukuza paka, akaruka mtaro, akarudi anachechemea mguu wa nyuma wa kulia. Goti lilianza kuvimba. Nikalikanda kwa maji moto kama nilivyozoea, kesho yake likawa kubwa zaidi. Jirani anasema ilitakiwa barafu. Mume wangu anasema barafu kwa baridi hii ni kumtesa mnyama. Shemeji yeye anasema nimpe diklofenaki anayotumia kwa mgongo wake, au tumpakie kwenye gari tukamwogeshe maji moto ya Songwe. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza.

Nianze na shemeji, maana ushauri wake ndio unaoweza kuua. Usimpe Simba diklofenaki, hata nusu kidonge. Dawa za maumivu za binadamu za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, zinachubua tumbo la mbwa hadi vidonda na zinaumiza figo zake kwa kipimo ambacho mtu mzima anakimeza bila wasiwasi. Panado nayo si salama: mbwa akizidishiwa inaharibu ini na damu. Kama kidonge kimeshaingia wakati unasoma haya, mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usisubiri dalili. Kutapika, kinyesi cheusi cha kunata au kukataa chakula ni dalili kwamba tayari umechelewa. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu, lakini hupimwa kwa kilo na hutolewa baada ya daktari kumwona mgonjwa. Jina la meloksikamu utalikuta pia duka la dawa la kawaida; vidonge vile vimetengenezwa kwa uzito wa mtu, kwa hiyo usijipimie.

Sasa moto na barafu. Wewe hukukosea kwenye nyonga, na jirani hakukosea kwenye goti. Simba ana matatizo mawili kwa wakati mmoja. Nyonga zake zina ugonjwa wa siku nyingi, ule wa gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, kulika taratibu hadi kiungo kinakuwa kikavu na kigumu. German Shepherd na machotara wake wengi hurithi nyonga zisizokaa vizuri kwenye tundu lake, kwa hiyo kwa miaka 9 na mwili mkubwa sishangai. Goti ni jeraha la juzi. Ugonjwa wa zamani uliokaza unataka joto. Jeraha jipya lililovimba linataka baridi.

Ulichokiona kwenye goti kina sababu. Kiungo kikiumia, mishipa midogo ya damu iliyochanika huvujisha maji na damu kwenye nyama za pembeni kwa siku mbili tatu za mwanzo. Ukiweka joto hapo, mishipa inatanuka, damu inakuja kwa wingi, uvujaji unaongezeka. Ndiyo maana goti lilikuwa kubwa zaidi asubuhi. Baridi inaibana mishipa hiyo, uvujaji unapungua, na neva zinazopeleka maumivu zinapungua kasi. Hujaharibu kitu cha kudumu kwa kukanda mara moja, ila usirudie.

Kanuni ya kawaida ni barafu kwa saa 48 hadi 72 baada ya kuumia. Mimi sipendi watu waishike hiyo saa 72 kama sheria, kwa sababu kuna goti linalopoa siku ya pili na lingine bado linawaka siku ya tano. Tumia mkono. Msubiri Simba alale ametulia, kisha weka mgongo wa kiganja chako kwenye goti la kushoto, halafu la kulia, halafu rudi tena la kushoto. Viganja vya mbele vimezoea masufuria na mabeseni, havihisi vizuri. Mgongo wa mkono unahisi. Goti la kulia likiwa la moto kuliko mwenzake, endelea na barafu, hata kama ni siku ya sita. Yakilingana na uvimbe umeanza kunywea, barafu imemaliza kazi yake.

Namna ya kuweka: nunua barafu ya mfuko ya dukani, ifunge kwenye kitambaa uipondeponde kwa mchi, kisha itie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na maji kidogo, utoe hewa na kufunga. Barafu iliyopondwa na maji inajikunja kufuata umbo la goti. Pande zima linagusa mfupa sehemu moja tu na linamuumiza. Kati ya mfuko na ngozi weka kipande cha khanga kilicholowa na kukamuliwa. Watu wengi huweka taulo nene kavu, na kwa manyoya mazito kama ya Simba baridi haifiki kabisa, unakuwa umeshika mfuko bure. Mlaze ubavu wa kushoto juu ya gunia, mguu mbovu ukiwa juu, shikilia mfuko kwa mkono dakika 10 hadi 15. Usiufunge kwa mpira wala kamba ukaondoka. Kila dakika 5 inua, tenganisha manyoya, tazama ngozi: ikiwa imepauka kuwa nyeupe au ya kijivu, acha. Rudia mara tatu au nne kwa siku.

Hoja ya mume wako si ya kupuuza. Julai ya Uyole si mchezo, na ukitoka Mbeya kuelekea Makete au Njombe ndiko kabisa, kuna asubuhi majani yamegandia umande. Lakini barafu unayoweka inafunika eneo la ukubwa wa kiganja kwa dakika chache, na mwili wa mbwa una joto lake la kawaida la nyuzi 38 hadi 39, juu kuliko letu. Haushuki kwa goti moja. Fanyeni ndani au juani mchana, mfunikeni blanketi sehemu iliyobaki, mkimaliza mkausheni manyoya kwa kitambaa. Akianza kutetemeka mwili mzima, simamisheni. Kama siku hiyo barafu haipo, kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba ya asubuhi na kubadilishwa kila dakika mbili kinasaidia. Maji yetu ya Julai karibu ni barafu yenyewe.

Kuna jambo linaloshinda barafu kwa umuhimu nalo ni kumtuliza. Barafu ikipunguza maumivu, Simba ataona amepona na paka bado yupo. Mfunge au mfungie sehemu ndogo kwa wiki nzima, atoke kwa kamba kwenda haja na kurudi.

Hapo kwenye goti naomba usiridhike na uvimbe kupungua. Ndani ya goti la mbwa kuna kano inayozuia mfupa wa chini usichomoke mbele. Kwa mbwa wakubwa, hasa walionenepa na kuanza kuzeeka, kano hiyo huchakaa kimyakimya kwa miezi mingi, halafu siku moja inakatika kwa kuruka kitu kidogo tu. Mtaro unasingiziwa. Mtazame anavyosimama: je, anagusisha ncha za vidole tu vya mguu wa kulia? Akikaa, je, anautupa mguu pembeni badala ya kuukunja chini yake? Je, baada ya wiki mbili paja la kulia limekuwa jembamba kuliko la kushoto? Lolote kati ya hayo likiwepo, barafu haiungi kano. Anahitaji kupimwa goti kwa mikono ya daktari na pengine picha, na wengine upasuaji, ambao si kila kituo kinafanya. Uliza kuhusu rufaa ya kwenda hospitali ya wanyama ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Usikae nalo, kwa sababu mbwa anayeegemea mguu mmoja kwa muda mrefu mara nyingi huja kukata na wa pili.

Turudi kwenye nyonga, ambako umefanya vizuri na unaweza kufanya vizuri zaidi.

Joto la kukanda linapenya sentimita moja au mbili hivi. Kiungo cha nyonga kimelala chini ya misuli minene, kwa hiyo taulo lako halikifikii. Kinachofanya Simba apate nafuu ni misuli. Kiungo kikiuma, misuli inayokizunguka hujikaza kukilinda usiku kucha, na asubuhi ndiyo inayouma pengine kuliko kiungo chenyewe. Joto linailegeza misuli, damu inapita, mguu unanyooka. Hii inakupa picha ya mahali pa kukanda: usilenge kwenye mfupa unaochomoza, kanda nyama ya matako na ya mbele ya paja, na ile ya kiunoni pande mbili za uti wa mgongo, maana mbwa mwenye nyonga mbovu husukuma uzito mbele na mgongo unalipa.

Taulo la maji moto lina kasoro moja kwa mazingira yetu. Linapoa ndani ya dakika tano na linaacha manyoya yamelowa, halafu mbwa anatoka nje kwenye upepo. Nusu ya kazi yako inapotea. Bora joto kavu. Chukua soksi nene ya pamba, usichukue ya nailoni, itie mchele hadi robo tatu ili kuupima, kisha umimine mchele huo kwenye kikaango kikavu. Uweke moto mdogo, ukoroge mfululizo kama unayekaanga karanga, dakika chache tu. Haupaswi kubadilika rangi. Uache kwenye sinia kidogo, urudishe kwenye soksi, funga fundo, utikise vizuri kwa sababu katikati huwa kunabaki na moto kuliko pembeni. Mchele huohuo unautumia tena na tena kwa wiki kadhaa, ilimradi huupiki baadaye na huachi soksi mahali Simba anapoweza kuitafuna.

Kabla haijamgusa, ishikilie kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, karibu na kiwiko, uhesabu polepole hadi 30. Ukishindwa kufika, bado ni ya moto mno. Kwa wenye kipimajoto, nyuzi 40 hadi 42 zinatosha. Tandika kitambaa chepesi, weka soksi, mguse taratibu. Kwa manyoya mazito dakika ya kwanza hatahisi kitu, na hapo ndipo watu huongeza moto. Usiongeze, subiri. Baada ya dakika tatu nne ingiza vidole chini ya manyoya: ngozi iwe na uvuguvugu, isiwe nyekundu. Jumla dakika 15 hadi 20. Mbwa wetu wa kawaida wa manyoya mafupi huungua haraka zaidi, kwa hao anza na joto la chini.

Mtazame uso. Mbwa anayefurahia huachia kichwa kikalala sakafuni na pumzi inakuwa ndefu. Anayeanza kulamba midomo bila chakula, kugeuza shingo kuangalia mkono wako au kukaza paja anakwambia inatosha, na haambii mara tatu. Hata Simba aliyelelewa na watoto anaweza kung'ata akiguswa panapouma, kwa hiyo kwenye goti hilo mfunge mdomo kwa kitambaa laini ikiwa ananguruma, isipokuwa kama anatapika au anahema sana. Akimng'ata mtu, hata kidogo, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha moja kwa moja zahanati. Na chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe haijapita muda.

Kosa kubwa zaidi la joto ni kumlaza mbwa juu yake. Mpira wa maji moto chini ya tandiko, au mbwa kuachwa mbele ya hita. Mbwa mzima akiona moto anasogea. Simba, kwa tatizo lilelile linalokufanya umkande, hawezi kunyanyuka haraka, na uzito wake unakandamiza ngozi ambayo haipati damu ya kutosha kuipoza. Majeraha ya namna hiyo hujificha chini ya manyoya na hujitokeza siku kadhaa baadaye ngozi inapobanduka. Na jiko la mkaa chumbani usiku kwa ajili yake, mlango umefungwa, sikubali: hewa yake inaua mbwa na aliye naye humo bila kumwamsha.

Muda wa kukanda una maana. Kanda asubuhi kabla hajaanza kutembea. Soksi ikitoka, misuli ikiwa bado ina joto, ichue kwa viganja kwa duara polepole, kisha ukunje na kunyoosha mguu wa kushoto taratibu mara kumi hivi, usivuke pale anapokataa. Wa kulia uuache hadi goti lipimwe. Nyonga ya upande huo ikande bila kuukunja mguu, na soksi isishuke kufika gotini. Goti likishapona, mpeleke matembezi ya dakika kumi sehemu tambarare jua likishachomoza, mara mbili au tatu kwa siku, badala ya mzunguko mrefu mmoja wa Jumapili. Siku atakayozidisha, akarudi na kiungo chenye moto, jioni hiyo hata ugonjwa wa zamani unawekewa barafu. Watu wanashangaa hapo, lakini kiungo kilichokaza asubuhi na kiungo kilichochokozwa jioni vinaweza kuwa kimoja.

Dawa za kuchua za binadamu zenye menthol au kafuri weka mbali. Mbwa atazilamba zote, na joto juu yake linaunguza. Dizeli na oili chafu, ambazo bado naziona zikipakwa mbwa mitaani, usizifikirie.

Songwe? Maji yale yanapochomoza ardhini yanaunguza, na hata pale yalipopoa hujui nyuzi zake hadi mguu umeingia. Ongeza barabara, kupandishwa na kushushwa kwenye gari akiwa na goti bovu, na kurudi amelowa. Shemeji aende mwenyewe na mgongo wake, huenda ukamfaa.

Baridi ya Juni haikumpa Simba ugonjwa huu. Ulikuwepo Februari, ila hukuuona kwa sababu misuli yake haikulala imeganda. Kwa hiyo kitanda chake kina kazi kubwa kuliko soksi, maana kinafanya kazi kwa muda wa saa nane kila usiku. Asilale kwenye saruji. Piga kichaga kifupi cha mabanzi, kiinuke kiganja kimoja kutoka chini, ujaze kiroba maranda makavu kutoka kiwanda cha mbao, juu yake gunia au blanketi kuukuu, mlango wa banda usitazame upepo. Maranda yakilowa yabadilishwe.

Na uzito. Umeandika "mwili mkubwa", nami nimeshazoea kulisoma neno hilo kwa mashaka. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zihesabike bila kukandamiza. Zisipohesabika, punguza ugali na mabaki yenye mafuta. Mbwa mnene akipoteza hata asilimia 6 au 7 ya uzito wake, kuchechemea kunapungua kwa kuonekana, na hakuna soksi ya mchele inayoleta hilo.

Hali moja ambayo usiweke moto wala barafu kwanza: akianza kuchechemea mguu huu leo na mwingine kesho, akiwa na homa, amenyong'onyea, ufizi umepauka. Hiyo mara nyingi ni homa ya kupe iliyoingia kwenye viungo. Inataka kipimo cha damu na dawa yake. Vivyo hivyo joto lisiwekwe palipo na kidonda wazi, usaha au uvimbe mgumu usiojulikana, wala kwenye mguu ambao mbwa hausikii ukiufinya vidole.

Kwa Simba, mpeleke wiki hii kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Ofisi ya mifugo ya kata itakuelekeza aliye karibu. Usimkande asubuhi ya siku hiyo, ili daktari amkute alivyo. Na umrekodi kwa simu: akinyanyuka alfajiri, akitembea kuja kwako, akienda, na akikaa. Mbwa akifika sehemu ngeni hushtuka na kutembea kama mzima, na daktari anabaki kukuangalia wewe. Mwambie pia tarehe aliyoruka mtaro, kila ulichompa kwa mdomo, na kwamba siku ya kwanza goti lilikandwa kwa moto.